Kamba ya Mama Mkwe

Hakuwa na cheti, hakuwa na kiwanja, hakuwa na baba wa kumpelekea posa, wala meno mawili ya mbele. Alikuwa na mashine moja ya kukwangua mashina ya migomba, yale ambayo wakulima huyatupa wakishakata mkungu, ili kupata nyuzi za kamba, na mchumba msokota kamba. Watu walimwita Nyuzi.

Asubuhi hiyo mchumba aliingia karakanani kwake, akabwaga kapu lake la kazi sakafuni.

"Mpe mwingine. Mimi kusokota basi."

"Mpenzi, mama tumemzika juzi tu. Jipe muda."

"Muda wa nini? Kamba aliyokuwa akijivutia kuinuka kitandani niliisokota mimi. Ikakatika, akavunjika nyonga, hakuinuka tena. Mikono hii ndiyo imemuua mama yangu."

"Usiseme hivyo."

"Kaka anasema nilisokota huku nachati na wewe. Labda kweli."

Nyuzi aliinamisha kichwa. Shina la mgomba hukwanguliwa likiwa bichi. Likilala siku nyingi huoza, na nyuzi zake hukosa nguvu. Mashina yaliyotoa nyuzi za kamba ile yalilala siku tisa, mashine ikiwa mbovu. Alipoona nyuzi zimepiga weusi alizifua, akazianika mpaka zikang'aa, maana alitaka sana kuonekana mkwe wa maana.

"Mbona kimya? Na wewe unaona ni mimi?"

"Hapana!"

"Basi ni nani?"

Nyuzi akainama kuliokota kapu.

"Ni... bahati mbaya tu."

Mchumba alifuta machozi, akacheka kidogo.

"Wewe na pengo lako, huwezi hata kumfariji mtu bila kupiga mluzi. Ndoa iko palepale. Ila utaoa mke asiyegusa kamba."

Mchana ukaingia ujumbe: "Ndugu zangu wote wamenilaumu, isipokuwa wewe. Nakupenda kwa hilo."

Ulimchoma kuliko matusi. Akapiga simu.

"Haloo? Mbona husemi?"

"Nilitaka kusikia sauti yako."

"Haya, umeisikia. Kula basi, baba."

Mchumba akakata. Ujumbe wa simu Nyuzi angeweza kuufuta kabla haujasomwa, na alijijua. Akatafuta karatasi.

"Mpenzi, mikono yako haina kosa. Nyuzi nilizokupa zilitoka kwenye mashina yaliyooza. Nilijua, nikazipendezesha, nikanyamaza. Nimenyamaza hata mbele ya kaburi, na mama alikuwa akiniita mwanangu. Mwonyeshe kaka yako barua hii. Sitakuja mlangoni kukusumbua. Ukinihitaji utaniita, usiponiita nitaelewa. Lakini kusokota usiache. Hujakosea hata pindi moja."

Aliisoma mara moja, asifute neno. Akaikunja, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Posta walikuwa wanakaribia kufunga. Aliisukuma barua katika tundu la sanduku, vidole vikaing'ang'ania kidogo, kisha akaiachia.