Sauti ya Kukopa

Waliokuwa wakifanya kazi pale mpaka leo hawaitani kwa sauti. Anayemtaka mwenzake anamfuata mpaka alipo, anamgusa bega, wanatazamana, ndipo anafungua mdomo. Mgeni akiuliza kulikoni, wanacheka kidogo na kubadilisha mazungumzo. Lakini chanzo kipo, nacho kilianza kwa jambo dogo sana.

Kilikuwa kiwanda kidogo cha bia: matangi machache, chumba cha baridi cha kuwekea mapipa, na ua wa saruji wa kupakilia mzigo. Dada mtu ndiye aliyepika bia. Mdogo wake wa kike ndiye aliyeijaza kwenye mapipa ya chuma, na kwa kazi hiyo walimwita Povu, ingawa wengine walisema jina lilimfaa zaidi kwa hasira zake, hupanda upesi na kushuka upesi. Wa tatu alikuwa dereva wa kusambaza mzigo. Huyo walimwita Breki, kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo.

Asubuhi hiyo Povu alikuwa ameinamia pipa. Alishaliosha kwa maji ya moto, alishaisukuma hewa nje kwa gesi, na sasa bia ilikuwa inaingia taratibu kwa mpira kutoka kwenye tangi. Kazi hiyo haitaki pupa. Ukifungua koki kupita kiasi bia yote inageuka povu, na mteja anapelekewa pipa nusu tupu.

"Punguza, Povu. Unamwaga," dada yake akasema nyuma yake.

"Naona, dada," akajibu bila kugeuka, akapunguza.

Pipa halijajaa, geti likalia. Dada mtu akaingia akijifuta jasho, na Breki nyuma yake na gunia la kimea begani.

"Mlitoka tena saa ngapi?" Povu akauliza.

"Kutoka wapi? Ndiyo kwanza tunafika," dada mtu akasema. "Barabara imefungwa na foleni tangu alfajiri."

Povu akageuka kutazama nyuma yake. Ukuta, ndoo, brashi. Na harufu, kama ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo mpaka yakaoza. Akadhani ni mfereji wa sakafuni. Akaumwagia dawa, akaendelea na kazi yake.

Siku chache baadaye alikuwa chumba cha kuoshea, ameinamia pipa na tochi, akasikia watu wanaongea upande wa pili wa ukuta. Sauti ya dada yake ilikuwa ya chini, ile ya mtu anayemwaga siri.

"Mkono wake mzito, Breki. Nimemvumilia kwa ajili ya mama tu. Nikipata mtu mwingine, namrudisha nyumbani akamenye viazi."

Na Breki, ambaye hukosa neno mara chache, akacheka.

Povu alisimama na tochi mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Angeweza kuzunguka ukuta na kuuliza. Hakuzunguka. Lisemwalo lipo, akajiambia, na kama halipo laja; na tangu siku hiyo akawa kila anachokiona anakitafsiri. Dada mtu akipima pipa ambalo yeye ameshalipima, alisema moyoni, ananitafutia kosa. Breki akinyamaza anapoingia, alisema, walikuwa wananijadili. Na kweli walibadilika. Breki aliacha kumtania. Dada mtu, ambaye miaka yote walikula wote kwenye benchi moja, akaanza kuchukua bakuli lake na kwenda kula peke yake nyuma ya gari. Alikuwa akimwita "mdogo wangu" hata mbele ya wateja. Sasa alimwita Povu, kwa ukavu, kama anayetema kokwa.

Siku moja dada mtu alimsimamisha mlangoni. Macho yalikuwa mekundu.

"Kama una neno na mimi niambie usoni. Usimpelekee dereva."

"Mimi? Nani ana neno na nani hapa?"

"Unajua ulichosema."

"Wewe ndiye unajua ulichosema!"

Walitazamana. Kila mmoja alimwona mwenzake anadanganya waziwazi, tena bila haya. Kikulacho ki nguoni mwako, Povu akawaza, akarudi kwenye koki zake. Harufu ile ya maua yaliyooza ilikuwa imejaa chumba kizima, na hakuna aliyeitaja, kwa kuwa hawakuwa wakisemezana.

Mambo yaliharibika mchana wa jua kali, mzigo mkubwa ukingoja kupakiwa. Dada mtu aliingia chumba cha baridi kubadilisha mtungi wa gesi. Mlango wa chumba kile ulikuwa mzito, na kitasa cha ndani kilishakufa siku nyingi. Waliuzoea hivyo, ukiingia unauacha wazi. Povu akaenda stoo kuchukua vifuniko. Aliporudi mlango ulikuwa bado wazi na ubaridi unatambaa sakafuni, na kutoka uani dada yake akamwita.

"Nimeshatoka, mdogo wangu. Funga mlango, baridi inapotea bure."

Povu akaufunga. Akasukuma komeo. Akaunga mpira kwenye pipa, akafungua koki.

Bia ilikuwa inapanda, naye akahisi kitu kinamkwaruza moyoni, kidogo tu, kama unywele ulioingia mdomoni. *Mdogo wangu.* Tangu lini? Wiki ngapi hajaitwa hivyo? Ule utamu ndio uliomfanya atii bila kufikiri, na sasa ni utamu uleule uliomtia shaka. Akaacha koki inatiririka, akatoka uani. Breki alikuwa kwenye kiti cha gari, miguu nje ya dirisha, anasinzia.

"Dada yuko wapi?"

"Si yuko huko ndani na wewe?" Breki akasema kwa usingizi. "Hajapita hapa."

Ndipo Povu akasikia kugonga, dhaifu, kama mtu anayegonga kwa kiganja na si kwa ngumi, kukitoka kule alikotoka, na kabla hajageuza mguu ile sauti ya dada yake ikaja karibu na sikio lake, karibu kiasi kwamba alihisi pumzi yake shingoni, pumzi isiyo na joto, ikamwambia kwa upole, "Ni mapipa yanapoa tu, mdogo wangu, chuma hulia kikipoa, usijisumbue," na harufu ya maji yaliyooza ikamjaa puani na kooni, na mbele yake hapakuwa na mtu, wala nyuma yake, ni jua tu juu ya saruji na Breki ambaye sasa alikuwa ameketi wima na rangi imemtoka usoni, na Povu akakimbia, akateleza kwenye bia iliyofurika sakafuni, akainuka, akalivuta komeo kwa mikono miwili.

Dada mtu alikuwa amelala nyuma ya mlango. Gesi ilikuwa inapiga mluzi kutoka kwenye mtungi. Haina rangi gesi ile, haina harufu, inakaa chini na kukunyima pumzi tu. Povu na Breki wakabana pumzi, wakamburuta mpaka uani.

Alipopata fahamu, la kwanza alimtazama mdogo wake kwa macho ambayo Povu hatayasahau.

"Umenifungia."

"Uliniambia nifunge! Ulikuwa uani, ulisema umeshatoka!"

"Nilikuwa ndani napiga kelele."

"Anasema kweli, dada," Breki akanong'ona. Hapo tu ndipo walipokumbuka kwamba yupo. "Mimi nami nimeisikia. Sauti yako, hapa, sikioni kwake. Na wewe hukuwepo."

Kisha Breki akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwanzo. "Povu, yale uliyoniambia kuhusu dada yako, kwamba ana roho mbaya, ndiyo maana mumewe alimkimbia... uliniambia ukiwa wapi?"

"Sijawahi kusema hivyo! Mungu wangu, Breki!"

"Nilikusikia kupitia dirisha," dada mtu akasema polepole. "Nikalia mpaka nikachoka."

"Na mimi nilisikia utanirudisha kwa mama nikamenye viazi."

Wakahesabu neno kwa neno. Hapakuwa na hata moja ambalo mtu aliliona likitoka mdomoni. Yote yalikuja kupitia ukuta, dirisha au mgongoni. Dada mtu akaunyoosha mkono, akamshika mdogo wake kidevu, akamgeuza uso.

"Sema kitu, nikuone."

"Nisamehe, dada."

Wakaangua kilio.

Shangazi yake Breki alikuwa mganga, mwanamke mnene mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Aliletwa kesho yake asubuhi kwa pikipiki, akalalamikia mgongo, akadai kiti chenye mto, kisha akakaa katikati ya mapipa akinusa.

"Huyu hana sauti yake," akanong'ona baada ya muda. "Anakopa za watu. Mkimnyima, njaa itamtoa. Fanyeni kazi kama kawaida, lakini asiseme mtu. Hata kukohoa, kohoeni kwenye kitambaa. Na lolote mtakalosikia, msijibu."

Wakafanya kazi kimya, mzigo uleule uliochelewa. Walielekezana kwa vidole. Mwanzoni zilisikika koki na maji tu. Kisha kutoka chumba cha baridi Breki akaita, "Povu, njoo unisaidie," na Breki mwenyewe alikuwa mbele ya Povu anaviringisha pipa, midomo ameibana. Kisha dada mtu akacheka nyuma ya tangi. Kisha mama yao, aliyekuwa nyumbani mbali, akaanza kulia pale pale chini ya mfereji, akiwaita wanawe kwa majina yao ya utotoni, akisema ameanguka, mguu umevunjika, mbona hawamjibu, amewakosea nini, na Povu akauma kitambaa mpaka fizi zikatoka damu huku dada yake amemkumbatia kwa nguvu, wakitikisika wote wawili, na pipa linajaa.

Sauti zikaanza kuchakaa. Zikakatika, zikachanganyika, mama akacheka kicheko cha Breki. Mwishowe ikabaki moja, nyembamba, si ya kike wala ya kiume, kama pumzi juu ya mdomo wa chupa.

"Semeni nami," ikasema.

Mganga akainuka kwenye mto wake. "Hapa huna wa kusema naye. Toka."

Harufu ikawapita kama mtu anayepita na nguo iliyolowa. Ikaenda mlangoni, ikavuka ua. Breki alikuwa ameshapakia, na alipoona mganga amemwashiria kwamba yamekwisha, akawasha gari na kuondoka kwa kasi ambayo haikuhitajika.

"Ametoka?" Povu akauliza. Sauti yake mwenyewe ilimshtua.

"Ametoka," mganga akasema, akitafuta viatu vyake. "Hapa harudi."

Jioni jua likiwa halijazama, dada wawili walikuwa kwenye benchi lao, wanakula bakuli moja, wanacheka kwa vitu visivyochekesha. Simu ikalia. Alikuwa mwenye baa, mteja wao wa zamani. Povu akaiweka kwenye spika.

"Mzigo umefika, na leo bia imetulia, hongereni," akasema yule bwana. "Ila mngeniambia kama dada mtu anakuja na gari, ningemwandalia hata kiti."

"Dada yupi?"

"Dada yako, nani mwingine? Yuko stoo kwenye mapipa, anapiga soga na mke wangu tangu saa ile. Mimi ya wanawake siyaingilii."

"Umemwona?" Povu akauliza. "Umemwona kwa macho?"

"Nimwone vipi na mlango umeegeshwa? Namsikia. Hata wewe sikiliza."

Wakasikia viatu vya yule bwana vikitembea kwenye sakafu ya mbao, kisha vikisimama. Pembeni ya Povu dada mtu alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti yake ikatoka kwenye simu, ya chini, tamu, ya mtu anayemwaga siri.

"Sikutaka kukwambia, shoga yangu. Lakini huyu mumeo..."