Jina la Shosho Wamucii

Kila siku saa nne asubuhi, wanafunzi wa shule moja ya msingi kule Mutuini walipanga foleni ya uji. Aliyewagawia alikuwa Shosho Wamucii, yaani Nyanya Wamucii, mpishi mzee mwenye sauti kali na mkono mkarimu. Alhamisi moja alimrudisha msichana aitwaye Wavinya nyuma ya foleni kwa sababu alikuwa amewaruka wenzake. Walimcheka, naye akanuna mchana kutwa.

Ijumaa kulikuwa na mtihani wa Hisabati. Wavinya, aliyekuwa Gredi ya Sita, hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja. Karatasi ilipomfikia, alijiangusha sakafuni na kuanza kutetemeka.

"Nani anakusumbua?" rafiki yake Becky, aliyedhani amepagawa na majini, alimwuliza kwa hofu.

Jina lililomjia mdomoni lilikuwa moja tu. "Shosho Wamucii. Ananikaba koo."

Mtihani uliahirishwa. Lakini kabla ya chakula cha mchana, wasichana wengine saba walikuwa wameanguka, nao hawakuwa wakiigiza. Becky alilia hadi pumzi zikamwishia. Wazazi walijaa langoni wakidai mpishi ametia majini kwenye uji. Mwalimu mkuu, Bwana Muli, alihofia fujo, akamwambia Shosho aende nyumbani kwanza. Kutoka dirishani Wavinya alimwona akivua aproni, akiikunja vizuri, kisha akipita katikati ya watu waliokuwa wakiruka kando asiwaguse.

Jumamosi mtu alibisha hodi kwao. Mama yake Wavinya alifungua mlango kidogo tu.

"Nimekuja kumjulia hali mtoto," ilisema sauti ya Shosho. "Nimemletea nduma za kuchemsha."

"Rudi na nduma zako. Usikanyage hapa tena."

"Sawa, mama. Mwambie tu nimemwombea apone."

Wavinya alijifunika blanketi gubigubi. Uso ulimwaka kwa aibu. Chakula kilipoletwa, alikisukuma kando.

"Mama," alisema hatimaye, "sikuwa mgonjwa. Niliogopa mtihani."

Mama hakumchapa. Aliutazama mlango aliokuwa ameufunga, akafunika uso kwa leso.

"Vaa viatu," alisema.

Walimkuta Shosho peke yake. Majirani walikuwa wamehamisha hata kamba zao za kuanikia nguo mbali na mlango wake. Wavinya alipiga magoti, akasema yote huku akitazama sakafu. Mama naye aliomba msamaha kwa sauti ya chini.

Shosho aliwasogezea viti.

"Nimewapikia watoto wa hapa miaka kumi na minane," alisema. "Hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kuniuliza kama ni kweli."

Jumatatu Wavinya alirudia maneno yake mbele ya shule nzima na wazazi walioitwa. Becky alimgeuzia mgongo. Shosho alikuwa amesimama kando ya Bwana Muli, amevaa aproni yake, na wazazi wengi waliokuwa wamepiga kelele langoni hawakuweza kumtazama.

"Wavinya alidanganya, na mpaka leo jina la mtu limechafuka," Bwana Muli alisema. "Lakini sisi wakubwa tulimwamini bila kuuliza swali hata moja, na mimi ndiye niliyemfukuza Shosho. Naona aibu. Mtu akianguka, mpelekeni hospitali. Mkisikia mtu akiitwa mchawi, ulizeni ni nani aliyeona, na ameona nini. Hofu yetu ndiyo iliyomuumiza mama huyu, si majini."

Hakuna aliyepiga makofi. Wavinya alirudi mstarini akiwa ameinamisha kichwa.