Bawaba Iliyonyamazishwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alikuwa na kazi moja ambayo hakukubali kumwachia mtu mwingine. Alifungua mkebe wa miwani uliokaa juu ya meza ya cherehani, akaitoa miwani ya Bibi, akavipulizia vioo pumzi ya moto na kuvifuta kwa kitambaa cha pamba. Kisha alikunjua mikono ya miwani, akamvisha Bibi polepole kama anayemvisha malkia taji.

"Bibi, mji umefunguliwa," alisema.

"Nauona," Bibi alikuwa akijibu kila siku. "Na hiyo shingo isiyojua sabuni nayo naiona."

Hapo wote wawili hucheka. Jina la Sindano alipewa na Bibi mwenyewe, kwa wembamba wake, na kwa kuwa kifungo kikidondoka chini ya meza yeye ndiye aliyepenya kukiokota. Bibi alikuwa fundi cherehani. Mama yake Sindano alifanya kazi mbali na kurudi wakati wa likizo tu, kwa hiyo bibi na mjukuu waliishi peke yao katika vyumba viwili vilivyonukia kitambaa kipya na moto wa pasi.

Lakini asubuhi moja Bibi hakupata nafasi ya kuitaja shingo. Mlango uligongwa mara moja, ukasukumwa, na Mjomba akaingia. Nje, mkokoteni ulikuwa umeegeshwa tayari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi?"

"Nimekuja kuichukua, kama tulivyozungumza." Mjomba aliitazama cherehani, si mama yake. "Nimempata mtu wa kuinunua pale stendi, ana duka la ushonaji. Wewe pumzika sasa. Umetushonea sisi, umewashonea watoto wetu, umeshonea mtaa mzima. Macho yamechoka, mama. Si aibu."

Bibi alipeleka kidole kwenye miwani, akaisukuma juu. Ilikuwa imeshuka tena upande wa kulia.

"Sawa, mwanangu," akasema.

Sindano alibaki na kitambaa cha pamba mkononi. Alitaka kusema neno, lakini mdomo ulikuwa mzito kama uliojazwa unga. Alijua kwamba macho ya Bibi hayakuwa na kasoro mpya. Katika chumba kile, ni yeye peke yake aliyejua.

Mambo yalianza na mlio. Muhula uliopita, bawaba ya kulia ya ile miwani, pale mkono unapoungana na fremu, ilianza kulia kila ilipokunjwa. Kwii. Sindano alichukizwa nao. Katika nyumba ya fundi cherehani, kila kinacholia hutiwa mafuta: mlango, kufuli, mkasi, hata kitanda. Kwa hiyo siku moja Bibi alipokwenda kisimani, alichukua kopo la mafuta ya cherehani akaimiminia ile bawaba mpaka mafuta yakachuruzika. Mlio ukanyamaza. Uliporudi, akamimina tena.

Tatizo ni kwamba alikuwa amekatazwa kugusa kopo lile. Aliwahi kuyamwaga mafuta juu ya kitambaa cheupe cha mteja, na Bibi akamwambia, "Mafuta na wewe, basi. Ukiona kitu kinalia, niite." Ndiyo maana alifanya kwa siri, na siri haina mtu wa kuikosoa.

Baada ya wiki kadhaa bawaba haikulia tena, ila ililegea. Pembeni yake palijaa kitu cheusi kama uchafu wa kucha. Mkono wa kulia ukawa unacheza, na miwani ikawa inainama upande mmoja, jicho moja likitazama katikati ya kioo na jingine ukingoni. Kila asubuhi Sindano aliibonyeza mpaka ikae sawa. Ilikaa hivyo mpaka Bibi alipoivua kufuta jasho, kisha ikainama tena.

Miwani ilipoinama, mishono nayo ikainama. Sketi za shule zikatoka na pindo refu upande huu na fupi upande ule. "Bibi yako siku hizi anashonea watu wanaoishi mlimani?" msichana mmoja alimuuliza Sindano darasani, na wenzake wakacheka mpaka mwalimu akagonga meza. Muuguzi, mteja wa miaka mingi, alirudisha gauni lake la kazi. Hakugomba. Alisema tu, "Mama, huu mfuko umekaa kama unataka kutoroka," akaliacha gauni mezani na hakurudi kulichukua.

Bibi alifumua, akashona, akafumua tena. Siku moja Sindano alipotoka shule alimkuta akitembea chumbani amefumba macho, akipapasa ukuta, kisha meza, kisha mtungi wa maji.

"Unafanya nini, Bibi?"

"Natafuta uzi," Bibi akasema, akafumbua macho haraka.

Sindano aliona ni jibu la ajabu, lakini hakuuliza zaidi. Mwenye lake moyoni haulizi sana la mwenzake.

Na sasa cherehani ilikuwa inatoka mlangoni. Mjomba alishika upande mmoja na mwenye mkokoteni upande wa pili. Kanyagio liligonga kizingiti, likalia. Bibi aliinua mkono kama anayetaka kusema wapunguze mwendo, kisha akaushusha. Pale ilipokaa cherehani pakabaki alama nne sakafuni na nyuzi za rangi zote. Bibi alichukua ufagio mwenyewe.

"Nenda shule," alimwambia Sindano. "Utachelewa."

Jioni, Bibi aliketi kwenye kigoda akijaribu kushona kifungo cha sare ya Sindano kwa mkono. Aliivua miwani kwa mkono mmoja, akaifuta kwa kanga, akairudisha kwa mkono huohuo. Pakasikika mlio mdogo tu. Mkono wa kulia wa miwani ukaanguka mapajani mwake.

Bibi aliushika, akautazama kwa karibu sana. Kisha akafanya jambo ambalo Sindano hakuwahi kuliona. Alicheka peke yake, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Hata wewe," aliuambia ule mkono wa miwani. "Hata wewe umenichoka."

Siku iliyofuata haikuwa ya shule, wakaenda kwa fundi miwani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nyepesi, na kibanda chake kilikuwa chembamba kiasi kwamba mteja akiingia yeye hawezi kugeuka. Aliiweka bawaba chini ya kioo cha kukuzia, akakwangua kidogo kwa ncha ya sindano, akakunja uso.

"Nani amewapikia uji humu ndani?"

"Uji gani?" Bibi akauliza.

"Njoo uone, mama. Na wewe, mwanangu, sogea." Fundi alijibana ukutani kuwapisha. "Bawaba ina vipande vya chuma vinavyopitana kila unapofungua na kukunja. Vinasuguana. Tone dogo la mafuta, la ncha ya sindano, kisha ukafuta kinachobaki, linapunguza msuguano na chuma kinadumu. Hii imemiminiwa mafuta kama inakaangwa. Mafuta yakanasa vumbi na nyuzi za nguo, yakawa tope, na tope hilo limesaga chuma kama msasa. Ona skrubu ilivyoliwa. Imebaki kama mfupa wa dagaa."

"Na si hilo peke yake," akaongeza. "Unavua kwa mkono mmoja, mama?"

"Mkono mwingine huwa umeshika nguo," Bibi akasema.

"Basi kila siku umekuwa ukiisokota. Mikono miwili, mama, miwani si kofia." Kisha akauliza swali ambalo Sindano alikuwa akilisubiri kwa miezi. "Imekuwa ikiinama upande wa kulia?"

"Kwani inaonekana?"

"Vioo vizito kama hivi vikiinama, mstari ulionyooka unauona umepinda. Ukiufuata mstari huo kwa mkasi, utakata upande mpaka kesho. Macho yako nimekupimia mwenyewe mwanzoni mwa mwaka. Hayana neno."

Bibi aliketi kwenye kiti cha wateja polepole, kama aliyeambiwa habari ya msiba.

"Mafuta," akasema. "Labda ni mimi. Nimeanza kusahau mambo."

Sindano alimtazama. Bibi hakuwa akimficha mtu, wala hakuwa akitega. Aliamini kweli kwamba ni yeye. Tayari alikuwa ameyapokea macho mabovu yasiyo yake, na sasa alikuwa anapokea na akili mbovu isiyo yake.

"Ni mimi, Bibi." Sauti ilitoka ndogo. "Nilichukua kopo. Ilikuwa inalia. Halafu ilipoinama niliona, nikawa ninaibonyeza kila asubuhi ili usijue."

Fundi miwani aliinamia kazi yake kwa bidii ya mtu anayejifanya hayupo. Aliisafisha bawaba kwa brashi mpaka ikang'aa, akaweka skrubu mpya, na katikati ya chuma na chuma akatia kipande cha plastiki kilichotobolewa, chembamba kama ukucha wa mtoto, ili visikwaruzane tena. Mwisho akachovya sindano kwenye mafuta, akagusa mara moja, akafuta. Bibi alipoivaa miwani, ilikaa imenyooka. Aliangalia ukingo wa mlango kutoka juu mpaka chini, muda mrefu.

Walirudi kwa njia ya stendi. Walipolikaribia duka la ushonaji, Bibi alisimama ghafla. Ndani, cherehani kadhaa zilikuwa zikienda kwa pamoja.

"Ile ya mwisho ni yangu," akasema bila kuchungulia. "Ikifika kwenye kona inakohoa."

Sindano akaanza kulia. Bibi alimwacha alie, kisha akamvuta kando, kwenye kivuli cha ukuta.

"Unakumbuka ulinikuta natembea nimefumba macho? Sikuwa natafuta uzi. Nilikuwa najizoeza upofu. Nilitaka siku ikifika nijue mtungi uko wapi, nisikusumbue wewe."

"Nisamehe, Bibi."

"Nitakusamehe, lakini leo bado nina uchungu, na sitakudanganya kwamba sina." Bibi alimfuta machozi kwa ncha ya kanga, bila upole mwingi. "Sikiliza. Kumwaga mafuta ni kosa la mtoto. Ningekugombeza, tungekula, yangeisha. Bawaba ilipolia ilikuwa inatuambia nisafisheni. Ukainyamazisha. Ulipoona imeinama, ukajinyamazisha na wewe. Mafuta yaliondoa mlio, mjukuu wangu, hayakuondoa kusagika. Ukikosea, sema kitu kikiwa bado kinalia. Kikinyamaza, ujue kimeshaliwa."

Sindano aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Wakatembea kidogo. Halafu, kwa sauti ya mtu asiyejua kama ana haki ya kuuliza, akasema, "Na wewe, Bibi? Mbona ulimwambia Mjomba sawa?"

Bibi alikaza mwendo. Walipofika njia panda hawakukata kuelekea nyumbani. Bibi alikata upande wa pili.

Mjomba alikuwa uani akirekebisha mguu wa kiti. Aliwakaribisha, akaleta mkeka, akauliza kwa nini mama yake ametembea juani. Sindano alimwamkia, kisha akasimama mbele yake na kusema yote kabla ujasiri haujamwishia: kopo, bawaba, kuibonyeza, maneno ya fundi.

Mjomba aliweka nyundo chini. "Kwa hiyo macho ni mazima."

"Ni mazima," Bibi akasema.

"Sasa mimi nifanyeje? Mtu ameshaanza kushonea. Niende nikamwambie nini, kwamba mtoto alicheza na mafuta?" Alijikuna kisogo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amezoea tu kuamua mambo akiwa amesimama. "Na wewe mwenyewe ulikubali, mama. Nilikuuliza mbele ya huyu mtoto. Si ulisema sawa?"

"Nilisema."

"Basi."

Bibi aliivua miwani kwa mikono miwili, akaifuta, akairudisha kwa mikono miwili. Sindano aliisikiliza bawaba. Haikulia, na safari hii haikuwa na cha kuficha.

"Nilisema sawa kwa sababu ulikuja na mkokoteni," Bibi akasema. "Mtu akija na mkokoteni haulizi, anachukua. Na mimi niliogopa ukisikia nakataa utasema mama amekuwa mkaidi, kisha utapunguza kuja. Ndiyo nami nikautia mlio wangu mafuta." Alimtazama mwanawe moja kwa moja, macho yote mawili katikati ya vioo. "Sijachoka, mwanangu. Sikuwahi kuchoka. Naitaka cherehani yangu."