Wiki Siwema Alipouzwa

Tangu jua lianze kuwaka juu ya Singida, hajapata kuzaliwa mtoto mwenye uso ambao Shangazi angeshindwa kuusoma. Ndivyo alivyotangaza Mhandisi Tumsifu Kweka Jumatatu asubuhi, mikono kiunoni, kifua mbele, akiwahutubia watoto wa chekechea ambao wakati huo walikuwa wakishindana kuvua viatu mbele ya nyumba yao ya maboksi.

Shangazi alikuwa kisomauso cha kwanza mjini, mashine ya kusoma nyuso za watoto. Alining'inia darini kwenye reli, mviringo kama sinia la pilau, mwenye mikono sita laini pamoja na jicho moja kubwa la samawati. Jicho hilo lilisoma misuli ya uso, mboni, hata damu inavyokimbia chini ya ngozi. Mtoto akiwa na njaa, Shangazi alijua kabla tumbo halijanguruma. Mtoto akibanwa na haja ndogo, mkono mmoja ulikuwa umeshamwonyesha mlango wa choo.

Jumatatu hiyo ilikuwa siku ya rangi. Siwema, binti wa miaka minne mwenye pengo mbele, alikuwa anachora alizeti. Kabla hajafungua kinywa kuomba njano, njano ilikuwa mkononi mwake. Jumanne walihesabu kwa mbegu za alizeti, na mbegu moja ilipokosekana, Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye pua iliyoihifadhi.

"Umeona, Mwalimu?" Kweka alisema, akiwa ametuna kama andazi.

"Nimeona," alijibu Mwalimu Zena Ntandu, aliyekuwa amefundisha chekechea miaka mingi na kufutiwa kamasi kwenye sketi zake zote. "Inaona vizuri. Je, inasikia?"

"Inasikia hata mbu akipiga miayo."

"Sijauliza kama ina masikio, Mhandisi."

Kweka alicheka kicheko cha mtu ambaye hajaelewa ila hataki kubaki nyuma.

Jumatano ilikuwa siku ya watu wa nyumbani kwetu. Kila mtoto alisimama akasimulia, na maneno yake yakageuka picha kwenye ubao-hewa uliokuwa ukielea katikati ya darasa. Zamu ya Siwema ilipofika, alishika pindo la gauni.

"Nyumbani tupo mimi na babu," alisema. "Lakini babu ameniuza."

"Amekuuza kwa nani tena?" Mwalimu Zena aliuliza, akijizuia kucheka.

"Kwa Babu Bulugu, yule Msukuma. Kwa debe la viazi. Atakuja kunichukua nikiacha kunyonya kidole."

Darasa lilikufa kwa kicheko. Mwalimu naye alifuta machozi kwa khanga. Lakini darini, jicho la samawati liligeuka jekundu.

"Uso hauna uongo," Shangazi alisema kwa sauti yake ya upole. "Mtoto ameuzwa."

Milango ikajifunga. Dirishani, tarishi-ruka, kile kidege kisicho na rubani kinachobeba taarifa za serikali, kikachomoka kuelekea idara ya ustawi wa jamii.

"Izuie hiyo taarifa," Mwalimu Zena alimwambia Kweka, aliyekuwa kando ya ubao. "Huo ni utani. Sisi Wanyaturu na Wasukuma ni watani. Tunauzana, tunazikana tukiwa hai, tunaitana wezi wa kuku, na kesho yake tunakula sahani moja."

Kweka alimtazama kama anayeambiwa maji yanapanda mlima. Usimlaumu. Alizaliwa na kukulia kwenye kituo cha anga, huko juu kabisa, ambako mtu akisema hewa imekwisha hakuna anayesubiri kujua kama anachekesha. Naye ndiye aliyemfunza Shangazi, kwa nyuso za watoto waliokaa mmoja mmoja ndani ya chumba cheupe, wakijibu maswali.

"Siwezi kuizuia," alisema, na kifua chake kikarudi nyumbani. "Taarifa ikitoka, ni kisomauso kilichoitoa tu kinachoweza kuifuta. Sheria iliwekwa hivyo ili wakubwa wasipige simu kuzima kesi za watoto."

"Na asipoifuta?"

"Kesho alasiri Siwema anapelekwa kituo cha watoto. Uchunguzi ukiisha, huenda akarudi."

"Huenda," Mwalimu Zena alirudia. Wazazi wa Siwema walikuwa wametangulia mbele ya haki, na babu yake, Mzee Mghenyi, hakuwa na mwingine wa kumwamsha asubuhi na kumwambia mswaki uko wapi.

Alhamisi ilikuwa siku ya udongo. Watoto walikuwa wamelowa hadi viwikoni pale afisa ustawi, Bi Theopista, alipoingia na begi lake dogo, nyuma yake wazee wawili. Mhandisi Kweka naye alikuwepo, mahali fulani pazuri pa kufuatilia mambo.

Mzee Mghenyi alivua kofia mbele ya mashine. "Shikamoo, Shangazi," alisema, kwa kuwa hakujua sheria inasemaje kuhusu umri wa mashine. "Mjukuu wangu sijamuuza. Yalikuwa maneno ya kuchekesha tu."

Jicho jekundu lilimkazia. "Moyo unakimbia. Jasho kwenye paji. Huyu anaficha jambo."

"Anaogopa," alisema Mwalimu Zena.

"Anayeogopa anaficha," alijibu Shangazi.

Bi Theopista alikohoa. "Mzee wangu, hata mimi najua ni utani. Bibi yangu aliuzwa mara nyingi kuliko mbuzi wa mnadani. Lakini nimefungwa mikono. Mashine isipokubali, inabidi niondoke na mtoto."

Mzee Mghenyi alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfika kidevuni. Hapo ndipo Mzee Bulugu, yule mnunuzi wa Kisukuma, alipouma meno. Mtani wake amenuna, na mtani akinuna lazima anunuliwe tabasamu.

"Mimi nimekuja kudai mali yangu," alisema. "Nimetoa viazi, mtoto hajafika. Huyu Mnyaturu ni tapeli wa ukoo."

Mzee Mghenyi aliinua kichwa polepole. "Viazi vyenyewe vilikuwa na funza."

"Funza ndiyo nyama. Nyumbani kwako nyama mnaisikia redioni."

"Bora sisi tunaisikia. Ninyi mkichinja kuku, mnaishia kuramba kisu."

"Hatari inaongezeka," alisema Shangazi. "Wamekiri mauzo. Wanatukanana."

"Rudi nyuma," Mwalimu Zena aliamuru ghafla, kwa sauti ile inayowatoa watoto juu ya meza. "Wewe unatazama uso mmoja mmoja. Rudi kule mwisho, uwatazame wote kwa pamoja. Na uache nyuso. Tazama mikono."

Shangazi alisita, kisha akateleza kwenye reli hadi pembe ya mbali ya dari. Kutoka huko aliona ambacho chumba cheupe hakikupata kumwonyesha. Mzee Bulugu, huku akimwita mwenzake mwizi, alikuwa ameinama anamfunga kamba ya kiatu, maana mgongo wa Mghenyi haukuinama tena. Mzee Mghenyi, huku akimlaani hadi mababu, alikuwa amemshika bega ili asianguke. Katikati yao Siwema alikuwa ameketi akila nusu ya kiazi kilichochemshwa, ambacho mnunuzi wake alikuwa amemtolea mfukoni. Mdomo uliuza, mkono ukashikilia.

Darasa zima liliinua shingo. Hata aliyekuwa anakula udongo aliacha kutafuna.

"Mikono haikubaliani na midomo," Shangazi alisema hatimaye. "Naiamini mikono. Taarifa nimeifuta."

Jicho likarudi samawati. Mzee Mghenyi alimkumbatia mjukuu wake, udongo na kiazi kwa pamoja, na kwa muda mrefu hakumwachia.

"Swali," alisema Shangazi. "Debe moja kwa mtoto huyu. Bei si ndogo?"

Mzee Bulugu alitazama darini, akacheka hadi akahitaji kiti. "Huyu sasa amekuwa mtani," alisema.

Ijumaa wazazi walikuja kwenye maonyesho. Mezani kulikuwa na alizeti za rangi, sanamu za udongo, na viazi vingi vya udongo ambavyo Siwema alikataa kuviuza. Mzazi mmoja alitaka kujua kama mashine iliyokaribia kumtenganisha mtoto na babu yake inafaa kubaki.

Mhandisi Kweka alisimama, mikono kiunoni. "Mashine nzuri inahitaji mhandisi mtulivu," alisema. "Jana nilisimama hapa, kati ya afisa na mtoto. Sikutikisika. Nilifuatilia kila hatua hadi Shangazi alipoelewa, maana nilijua angeelewa."

Wazazi walianza kupiga makofi. Siwema alitoa kidole mdomoni.

"Anko, wewe hukusimama," alisema. "Ulikuwa ndani ya nyumba yetu ya maboksi. Ulikuwa unalia, unasema wakinichukua ni kosa lako. Nikakupa nusu ya kiazi changu, ukala na maganda."