Tiki za Bluu kwenye Laini ya Jelimo

"Mama, hii namba ni ya bwana yako kweli?"

Vivian, mwenye saiba, duka la intaneti karibu na soko la Bungoma, aligeuza skrini. Nabwile akachungulia. Juu ya hati ya talaka waliyoituma juzi palikuwa na picha ya msichana wa sare ya shule, anacheka.

Jelimo. Binti yake wa pekee, waliyemzika kwa mumewe, Saboti, miezi minane iliyopita.

"Mayi wee! Nimeandika namba ya mtoto!"

"Ati?"

"Ya Kemboi siijui kwa kichwa. Hii ndiyo nilikuwa napiga kila jioni."

Vivian akashika shavu. "Siku hizi korti inakubali hati itumwe kwa WhatsApp, lakini lazima imfikie mwenyewe. Na kikao cha mpatanishi ni saa tatu, kwa video. Bwana akikosa, faili inarudi kwa hakimu. Utasema ulimpelekea nani?"

Ilikuwa saa mbili na nusu.

"Lakini mama, ona. Tiki ziko bluu. Kuna mtu alisoma jana."

Nabwile akaikodolea macho skrini. Nani anasoma simu ya marehemu? Kemboi alisema aliitupa. Tena baada ya mazishi alikataza jina la mtoto lisitajwe nyumbani, na majirani wasimwite Baba Jelimo. Kimya hicho ndicho kilichomrudisha Nabwile kwao Bungoma. "Mwanamume asiyemlilia mtoto wake," alimwambia mamake, "nitakaa naye vipi?"

Akapiga ile namba.

"Halo."

Sauti ya Kemboi.

"Kumbe simu uko nayo! Si ulisema ulitupa?"

"Nilikudanganya. Laini ikikaa bila kutumika, wanaifunga wanapea mtu mwingine. Ningevumilia aje mgeni aitikie hiyo namba, Nabwile? Naichaji kila Jumapili. Kuna sauti alinirekodia, ananicheka vile napika ugali mbichi. Naisikiliza nikikamua ng'ombe."

"Na mbona ulinikataza hata kumtaja?"

"Kwetu aliyeenda hatajwi. Baba alinifunza hivyo ndugu yangu alipokufa. Sikujua njia ingine."

"Sisi tunamtaja mpaka koo ikauke! Nilidhani umemsahau."

"Na mimi nilidhani unanichoma na jina lake makusudi."

Nabwile akafuta macho kwa leso. "Hati uliisoma?"

"Niliisoma. Barua ya kuniacha, inaingia kwa simu ya mtoto. Nilikaa chini katikati ya mahindi."

"Baba... utaingia kwa kikao? Linki iko hapo kwa hati."

Simu ikakatika. Akapiga tena. Haipatikani.

Saa tatu kamili uso wa Bi Wangechi, mpatanishi, ukatokea kwenye skrini.

"Mume yuko wapi?"

"Anakuja," Nabwile akasema, bila kujua kama ni kweli.

Dakika tano. Kumi. Bi Wangechi akatazama saa yake.

"Mama, nitaandika kwamba hakufika."

"Ngoja kidogo, madam. Tafadhali."

Ndipo kisanduku cha pili kikafunguka. Jina lililoandikwa chini yake lilikuwa Jelimo. Ndani yake alikuwa Kemboi, anahema, amepanda kilimani kutafuta mtandao, gambuti miguuni zimejaa matope.

"Jitambulishe, tuweke kwa rekodi."

Kemboi akasogeza simu karibu na uso.

"Naitwa Kemboi. Mimi ni Baba Jelimo."

Akalia hapo hapo, mbele ya mpatanishi, mbele ya Vivian, mwanaume mzima. Nabwile naye akalia.

Bi Wangechi akasubiri, kalamu mkononi. "Sasa niandike nini?"

"Andika hatujamaliza kumlilia," Nabwile akasema. "Talaka ingoje."

"Ingoje mpaka lini?"

"Isikuje kabisa," Kemboi akajibu.

Alipotoka saiba, Nabwile alisimama kando ya barabara akaandika, kwa namba ile ile:

"Baba Jelimo, nakuja leo. Ugali usipike, nitapika mimi."

Tiki zikageuka bluu kabla hajarudisha simu mkobani.