Cheti cha Mwalimu na Gundi ya Fundi

Nyumba ya Fundi haijawahi kukosa watu. Fundi ni seremala, na karakana yake iko upande wa mbele, mlango wazi tangu asubuhi. Anayepita husimama. Anayesimama huvutiwa kiti. Akishakaa hupewa chai, naye hutoa habari zote za mtaa, za kweli na zilizotiwa chumvi.

Mkewe anafundisha shule ya msingi. Mtaa mzima humwita Mwalimu, hata Fundi mwenyewe. Ana watoto sabini wa darasa la kwanza. Wanaingia kwake hawajui kushika kalamu, wanatoka wanasoma.

Mwaka jana Mwalimu alifanya mtihani wa umahiri wa juu wa ualimu. Ulikuwa mtihani wa jasho. Wakaguzi walikuja kumtazama akifundisha. Aliandika kurasa nyingi kueleza kazi yake. Kisha akakaa siku mbili katika chumba cha mtihani. Akashinda. Shule yao ina walimu kumi na tisa, na mwenye cheti hicho ni yeye peke yake.

Fundi alifurahi mpaka akapitiliza. Alichonga fremu ya mbao nzuri. Akapaka gundi nyuma ya cheti, akakibandika kwenye ubao, akapigilia misumari, akatundika sebuleni. Akawaambia wageni kwamba hata nyumba ikianguka, cheti kitabaki kimesimama.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mwalimu mwenye cheti hicho ataongezewa mshahara. Basi wakasubiri. Mwezi wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Mpaka wa nane. Majirani wakaanza kunong'ona kuwa kile ni cheti cha urembo.

Na maisha yalikuwa yamebana. Kodi ya nyumba ilipanda. Watoto wao wawili walikuwa sekondari. Kaka mkubwa wa Fundi ana duka la jumla. Akamwambia shemeji yake aache kazi ya chaki, aje dukani kupokea fedha. Atamlipa vizuri. Alimpa mpaka mwisho wa muhula ajibu.

Mwalimu hakukataa. Siku hizo alikuwa akisahihisha madaftari taratibu sana, moja moja, na Fundi alijua kwamba anawaaga watoto wake kimoyomoyo.

Jumapili moja akaingia Bi Masjala. Jirani huyu alikuwa karani wa ofisi ya elimu kwa miaka thelathini, kwenye chumba cha mafaili, yaani masjala. Amestaafu kazi, hajastaafu maneno. Alikunywa chai, akasimulia nani kahama na nani kagombana na nani. Ndipo akasikia habari ya duka.

Akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, fomu ya nyongeza ulipeleka lini?"

"Fomu gani, mama?" Mwalimu akauliza. "Si waliotunga mtihani wanawaambia wanaolipa mishahara?"

"Nani kakwambia? Hao ni ofisi mbili. Hawajuani hata kwa sura. Haki yako haina miguu, mwanangu. Ipeleke mwenyewe."

Akawaeleza polepole. Mwalimu anajaza fomu ya kuomba nyongeza. Anaambatanisha nakala ya cheti iliyogongwa mhuri. Anaongeza barua ya mwalimu mkuu inayosema kwamba bado anafundisha darasani, kwa maana nyongeza hiyo ni ya walio darasani tu. Malipo huanza mwezi unaofuata fomu kupokelewa. Miezi iliyopita hairudi. Na mwisho wa kupokea fomu za mwaka huu ni Ijumaa.

"Nakala ionyeshe pande zote mbili," akamaliza. "Namba ya usajili iko nyuma ya cheti."

Wote wakamgeukia Fundi. Fundi akatazama dari.

"Umetumia gundi gani?" Bi Masjala akauliza.

"Ya mbao."

"Inabanduka?"

"Mama, ile gundi mguu wa kiti unavunjika, yenyewe inabaki."

Mwalimu akakitazama cheti ukutani. Fundi angependa atukanwe kuliko kuona hivyo. Akainuka kwenda kuchukua patasi, lakini Bi Masjala akamshika shati. Alisema cheti kilichochanika hakipokelewi popote. Dawa ni kwenda kwa waliokitoa, maana wao wana daftari la usajili. Waombwe barua ya uthibitisho yenye namba ile, ishike nafasi ya nakala. Mwalimu abebe kitambulisho chake, na cheti chenyewe wakione.

Jumatatu asubuhi Mwalimu aliomba ruhusa shuleni, wakatoka. Fundi alibeba fremu kichwani. Ilikuwa pana kama mlango wa kabati. Muuza magazeti akauliza kama wanahama. Kinyozi akasema hapana, Fundi anatembeza akili za mkewe, maana zake hazitoshi. Mwalimu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana, na Fundi akaona fremu imekuwa nyepesi.

Karani wa ofisi ya vyeti aliitazama fremu, akaita wenzake nao waje waone. Walipomaliza kucheka, akafungua daftari, akalipata jina na namba. Mchana barua ilikuwa tayari, imesainiwa na kugongwa mhuri.

Jumanne mwalimu mkuu aliandika barua yake. Jumatano wakafika ofisi ya elimu, Mwalimu akajaza fomu, moja ya kupeleka na nakala ya kubaki nayo. Kijana wa dirishani alipokea karatasi, akazitupia kwenye rundo, akasema haya, nendeni. Mwalimu hakuondoka. Bi Masjala alikuwa amemwonya: karatasi isiyo na mhuri wa kupokelewa ni karatasi iliyopotea.

"Naomba unigongee nakala yangu, uandike na tarehe," akasema kwa upole. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake. Akasimama palepale mpaka ikagongwa.

Muhula ulikwisha mwezi uliofuata. Siku ya mshahara simu ya Mwalimu ililia. Akasoma ujumbe wa benki. Akampa Fundi asome. Akamnyang'anya, akasoma tena mwenyewe. Mshahara ulikuwa umepanda karibu robo. Aliketi juu ya rundo la mbao, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Habari ilienea kabla chai haijachemka. Kufikia jioni sebule ilijaa walimu. Wawili, wa shule za jirani, walikuwa na cheti tangu mwaka juzi, wakisubiri kama yeye. Wengine waliuliza namna ya kujiandikisha kwa mtihani. Bi Masjala alikaa katikati kama hakimu, akiwakumbusha kwamba cheti huisha nguvu baada ya miaka mitano, kwa hiyo kihuishwe mapema.

Kaka mkubwa akabisha hodi. Alikuwa amefuata jibu lake.

Mwalimu akasimama. "Shemeji, nashukuru kwa kunifikiria. Lakini tafuta mtu mwingine. Mimi muhula ujao nina watoto sabini na wanne."

Makofi yakapigwa mpaka kuta zikatikisika. Kaka mkubwa akabaki mlangoni, hajui aingie au atoke.

"Ingia, baba, usizibe mwanga," Bi Masjala akamwambia. "Tuna fomu mbili za mwaka ujao za kujaza hapa. Nipe na hiyo kalamu yako ya mfukoni."