Nani Aliufuta Ukuta Wetu?

Ukuta ulikuwa mweupe!

Mweupe pee, kuanzia chini mpaka juu... kama sanda!

Nilisimama pale mbele ya stendi ya mabasi, mwanangu nimemshika mkono, mkoba unaning'inia begani.

Jamani, jana yake jioni niliuacha ukuta ule ukiwa na picha! Kina mama wa sokoni na vikapu vyao, fundi baiskeli na spana yake, watoto wanaruka kamba. Picha kubwa kuliko zote ambazo mji wetu mdogo umewahi kuchorewa.

Na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuizindua!

"Mama," mwanangu akauliza, "wale watu wameenda wapi?"

Wewe msomaji ungemjibu nini?

Ngoja kwanza nijitambulishe, msije mkaniacha njiani. Mimi ndiye mratibu wa sanaa na matamasha wa mji wetu. Jina kubwa, ofisi ndogo. Meza mbili, feni inayolalamika kama mgonjwa, na stoo nyuma yenye viti vya plastiki, spika, na magunia ya chokaa ya kuchorea mistari ya vibanda siku za tamasha.

Kazi hii niliipata kwa masomo ya jioni. Nilikuwa nasoma huku mwanangu kalala kwenye benchi la nyuma ya darasa, nimemfunika sweta langu. Kwa hiyo mkiona nailinda kazi hii kama yai, muelewe.

Bado nilikuwa kwenye majaribio. Bosi alishaniambia: uzinduzi ukienda vizuri, nathibitishwa. Ukiharibika, nibebe mkoba wangu.

Sasa uzinduzi wa nini? Wa ukuta mweupe?

Muuza magazeti wa pale stendi akanisogelea.

"Dada, pole. Lakini aliyefanya hivi ni mtu wenu."

"Mtu wetu yupi?"

"Yule mchoraji wenu. Nimefika asubuhi nikamkuta anashuka kwenye ngazi na ndoo. Nikamsalimia, hakuitika."

Nikaugeukia tena ukuta.

Mchoraji wetu tunamwita Kimya. Kijana mpole, mrefu, anayeongea kama vile maneno yanauzwa. Ukimuuliza kitu, anatikisa kichwa. Ukimuuliza tena, anapanda ngazi.

Kimya afute kazi yake mwenyewe? Kwa nini?

Halafu nikakumbuka kitu... Kona ya chini ya ukuta, kulia, Kimya alikuwa ameiziba kwa turubai wiki nzima. Kila nikitaka kuchungulia, anasimama mbele.

"Kuna nini hapo?"

"Haijaisha."

Basi. Jibu ndilo hilo.

Nikampigia simu. Haipatikani!

Nikampigia Maiki. Maiki ndiye mshereheshaji wetu, shosti yangu na mwenzangu wa ofisini. Jina la Maiki kapewa kwa sababu hana haja ya maiki. Akicheka sokoni, anasikika hospitali.

Hakupokea. Akatuma ujumbe: "Nakuja."

Akaja. Akauona ukuta. Akaziba mdomo kwa mkono.

Basi!

Hakupiga kelele. Maiki, anayepiga ukunga akiona mende! Maiki, aliyelia kwa sauti siku feni ilipoharibika! Aliuona ukuta umefutwa akanyamaza?

Hapo ndipo shaka iliponiingia, ikavua viatu, ikakaa.

Kwa sababu kuna jambo sijawaambia. Kazi hii Maiki naye aliiomba. Ana shahada ya chuo kikuu. Mimi nina cheti cha jioni. Siku nilipopata mimi, alinikumbatia akasema, "Nimefurahi kama nimepata mimi." Nilimwamini. Lakini sasa...

Nikaanza kukumbuka vitu. Wiki ile yote amekuwa akinong'ona kwenye simu. Nikiingia ofisini, anakata. Kazi zake ananisukumia mimi kwa ujumbe. "Simamia wewe mazoezi, shosti." "Lile igizo la uzinduzi, chukua wewe nafasi yangu." Na juzi tu, nilimkuta kwenye kona ya stoo, kamvuta Kimya sikio, anamnong'oneza! Kimya anatikisa kichwa. Waliponiona wakaachana kama wezi.

Mlishawahi kuona watu wawili wakinyamaza mkiingia nyinyi? Mnajua inavyochoma.

Nikaenda stoo. Ina funguo mbili tu, yangu na ya Maiki.

Gunia moja la chokaa lilikuwa limelala chini. Tupu!

Nikageuka. Maiki alikuwa mlangoni, ananiangalia.

"Maiki, ufunguo wako uko wapi?"

Akashika mfuko wa suruali. Akashika mkoba. Akapandisha mabega.

"Umempa Kimya?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Wa nini?"

"Brashi," akanong'ona. "Alisema brashi zake ziko ndani."

"Mbona unanong'ona? Unamwogopa nani humu?"

Macho yakamjaa machozi, akaondoka.

Mchana bosi akaniita. Hakunikaribisha kiti.

"Nimepita stendi."

"Bosi, naomba nikueleze..."

"Sitaki maelezo. Nataka jina la mtu. Ijumaa jioni uniletee jina la aliyefanya upuuzi huu, nimfungie kazi zote za mji huu. Usipoleta, nitaandika lako."

Niliondoka na majina mawili mdomoni. Maiki katoa ufunguo, Kimya kapaka. Hesabu rahisi. Niliona hata namna nitakavyoyatamka.

Jioni nikamchukua mwanangu kwa jirani. Tulipopita stendi akanichomoka, akakimbilia ukutani, akaupapasa kwa viganja viwili.

"Wako humu ndani, mama! Nimewagusa!"

"Twende, mwanangu. Hakuna mtu humo."

Nyumbani nikamweka kwenye beseni nimwogeshe. Mikono nyeupe mpaka viwiko. Nikasema leo nitasugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi itoke, maana rangi za Kimya nazijua, ni za mafuta, haziondoki kwa maji.

Nikamwagia kopo la kwanza.

Mikono ikawa safi!

Nikabaki nimeshika kopo.

Rangi gani hii inayotoka kwa maji matupu?

Sikungoja. Nikamvalisha mtoto, nikachukua taulo bichi, tukarudi stendi jua likiwa bado halijazama vizuri. Watu wakanitazama kama mwehu. Nikasugua ukuta, mahali padogo tu, panapotosha kiganja.

Chokaa ikachuruzika...

Jicho likanitazama!

Jicho la mama wa vikapu, lina ule mng'ao wake pembeni, limekaa pale pale kama lilivyochorwa. Picha ilikuwa hai. Imepigwa vanishi kwanza, ndipo chokaa ikapakwa juu.

Mwanangu akapiga makofi. "Si nilikwambia!"

Lakini mimi, badala ya furaha, shaka iliongezeka. Mtu anayetaka kuharibu, anaharibu. Huyu kaficha. Anamficha nani? Na kwa nini?

Nikaupaka chokaa ule mduara kwa kiganja, nikanyamaza. Sikumwambia Maiki wala bosi. Ndiyo, hata mimi nilishaanza kuwa mtu wa kuficha.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa Kimya. Ana kibanda nyuma ya gereji, anachorea mabango ya saluni na maduka. Nilimkuta anaosha brashi. Aliponiona, akasimama nyuma ya meza, kaweka meza kati yetu.

Jamani, alikuwa ananiogopa MIMI.

"Kimya, nimeliona jicho."

Brashi ikamdondoka.

"Umeiosha chokaa yote?" akauliza.

"Kidogo tu. Nimelifunika tena. Sasa niambie, unamficha nani picha yangu?"

Akakaa kimya. Na mimi nikakaa kimya. Kwa mara ya kwanza nilimshinda kwa fani yake mwenyewe.

"Wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Nakuficha wewe, dada!"

Nikacheka, si kwa furaha.

"Nilikuwa kwenye ngazi," akaendelea, na hapo maneno yakamtoka kama bomba lililopasuka. "Napaka ukuta wa nje wa ofisi, karibu na dirisha lako. Nikakusikia kwa masikio yangu unaongea na simu. Ulisema, 'Huo ukuta nishauuza. Kesho asubuhi nitaleta vijana waukwangue mpaka kwenye tofali. Watu wenyewe watasahau, wape tu muziki wacheze!' Halafu ukacheka. Dada, ulicheka vibaya sana."

"Kimya..."

"Nikasema vijana wakija wakikuta umeshakuwa mweupe, watakwangua nini? Watadhani wenzao wamewatangulia, wataenda zao. Nikapiga vanishi mchana ule ule, ikakauka, asubuhi na mapema nikamaliza na chokaa. Halafu nikazima simu. Sikutaka kuisikia sauti yako."

"KIMYA!"

"Nini?"

"Lile lilikuwa igizo!"

Akanitumbulia macho.

"Igizo la uzinduzi! Mimi ni yule ofisa mla rushwa! Simu ile ilikuwa rimoti ya redio! Nilikuwa nafanya mazoezi!"

"Lakini ofisa anaigizwa na Maiki..."

"Maiki kanipa nafasi yake!"

Kimya akatazama chini. "Muulize mwenyewe."

Hapo sasa. Kwa nini?

Tukaongozana mpaka kwa Maiki. Alifungua mlango, shingo kaifunga skafu, mkononi kikombe cha maji ya moto na limau. Nikamtolea yote niliyokuwa nayo rohoni. Simu za kunong'ona, kona ya stoo, ufunguo, na kutopiga kelele siku ya ukuta.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua mdomo:

"Shosti... sina sauti."

Ilitoka kama upepo kwenye tairi.

"Tangu wiki iliyopita. Daktari kasema ninyamaze. Mshereheshaji bila sauti ni nani? Niliogopa ungemtafuta mwingine. Ndiyo maana nilikuwa namwomba huyu," akamwonyesha Kimya, "ashike maiki Jumamosi badala yangu."

"Nikakataa," Kimya akasema.

"Ukamchagua Kimya?" nikauliza. "Kati ya watu wote wa mji huu?"

"Nilitaka mtu asiyetoa siri!"

Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni. Maiki anacheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka, machozi yanamtoka. Na mimi machozi yalinitoka, ila yangu hayakuwa ya kucheka peke yake. Majina mawili, jamani. Nilikuwa nayo mdomoni tayari.

Jumamosi, stendi ikajaa. Bosi kaketi mbele, uso umekunjamana, maana ukuta bado ulikuwa mweupe na jina sikumpelekea. Nilimtumia ujumbe mmoja tu: "Nitalisema kesho mbele ya watu."

Igizo likaanza. Nikatoka na koti kubwa na tumbo la mto.

"Huo ukuta nishauuza!" nikaunguruma kwenye rimoti ya redio. "Watu wenyewe watasahau!"

Watu wakaguna. Walijua ukuta umefutwa kweli. Mama mmoja akapaza sauti, "Kumbe ni wewe! Mshenzi mkubwa!" Ganda la ndizi likanipita sikioni.

Hapo Kimya akapanda jukwaani. Maiki akampa maiki kama anamkabidhi mtoto.

Kimya akaisogeza mdomoni, akapaza sauti:

"Leteni maji!"

Gari la kumwagilia maua ya barabarani likajongea. Mpira ukafunguliwa. Chokaa ikaporomoka, na nyuma yake wakatokea... kina mama na vikapu vyao! Fundi na spana! Watoto na kamba yao, wanang'aa kama wametoka kuoga!

Kelele zilizopigwa pale, hata Maiki mwenye sauti yake asingesikika.

"Mama! Mama yule pale!"

Nilidhani mwanangu ananiita. Kumbe alikuwa ananyooshea kidole ukutani, kona ya chini, kulia. Ile ya turubai.

Mwanamke kainamia daftari. Nyuma yake benchi. Juu ya benchi mtoto kalala, kafunikwa sweta.

Habari ile nilimsimulia Kimya mara moja tu, siku nilipokuwa namshikia ngazi. Nilidhani hata hakusikia.

Nikamtazama.

"Nilikuchora kabla sijakusikia dirishani," akasema polepole. "Asubuhi ile nilikuja na rangi nikufute kabisa, wewe peke yako. Nikasimama hapo weee... Mkono ukagoma. Nikakupaka chokaa kama wengine."

Bosi akaja akipangusa miwani iliyorushiwa maji.

"Hii ya kuufunika kwanza, ni wazo la nani?"

"La Kimya," nikasema.

"Safi sana. Na lile jina nililolitaka, la aliyefuta ukuta?"

"Ndilo hilo hilo, bosi."

Akanitazama. Akamtazama Kimya. Akautazama ukuta. Halafu akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema Jumatatu nipite nisaini mkataba wangu.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, ninachowaomba ni kidogo. Kuna mtu leo umemkusanyia ushahidi. Simu aliyokata, jibu fupi, siku aliyonyamaza. Kabla hujalitoa jina lake, nenda ukakae naye umuulize. Yawezekana kakosa sauti tu. Na yawezekana naye, upande wake, anakuogopa wewe.

Mimi kila asubuhi napita pale stendi na mwanangu. Anamsalimia yule mtoto wa benchi, halafu ananivuta mkono.

"Mama, tusipige kelele. Bado kalala."